Ng'ombe Waliopotea Ndani ya Faili

Babu yangu alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani Pugu, na kijitabu tulichomwandalia kwa ajili ya hitima yake kilikuwa na ng'ombe karibu kila ukurasa. Kurasa 48, picha sita, maandishi ya binamu yangu ambaye amesomea isimu. Kwenye kompyuta yake kilisomeka safi. Kwenye simu ya shangazi, safi. Kilipofika kwa mchapaji wakakiingiza kwenye programu yao ya kupanga kurasa, wakanitumia PDF ya kusahihisha, na kila kichwa cha habari chenye neno lile kilikuwa na kisanduku kitupu katikati: ng□ombe. Sura ya tatu ilipaswa kuitwa Ng'ambo ya Mto, nayo ikawa Ng□ambo. Nilipopiga simu nikaambiwa tatizo ni la faili langu, nikalirekebishe. Nirekebishe nini? Kwangu lilikuwa zima.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Kariakoo, chumba cha nyuma cha duka la steshenari, ukishapita mashine za kutoa kopi na foleni ya wanaosubiri vyeti vyao vifanyiwe lamineshoni. Hana kibao mlangoni. Wenye mashine za ofseti wa mitaa ile humpelekea mafaili yaliyowashinda, kama mafundi magari wanavyopelekeana injini iliyogoma kuwaka. Nilidhani nitakaa dakika kumi. Nilikaa mpaka adhana ya alasiri, na baada ya siku ile nikarudi mara tatu bila kazi yoyote, kukaa tu kwenye kiti cha plastiki na kumtazama.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kutofanya kitu. Watu wote niliokwisha kuwaonyesha faili lile walilirukia: mmoja alisema liandikwe upya, mwingine ligeuzwe kuwa picha, wa tatu akataka kuifuta Word yangu na kuipakia tena. Mzee aliuliza maswali. Liliandikiwa kwenye programu gani? PDF aliitoa nani, kwa kubonyeza wapi? Umeliona wapi likiwa zima na wapi likiwa bovu? Majibu akayaandika kwenye daftari la kaunta, kwa kalamu. Kisha akaiacha kompyuta yake nzuri, akavuta laptopu kuukuu iliyobanduka vitufe viwili.

"Hii ni maskini," alisema. "Haina fonti yoyote ya kujivunia. Mashine tajiri itakuficha ugonjwa, mwanangu, maana kila kitu faili linachokosa inakiazima kutoka kwenye akiba yake na haikuambii."

Akafungua PDF kwenye ile maskini. Kisanduku palepale. Akaifungua kwenye kompyuta nzuri, kisha kwenye simu. Palepale. Akatikisa kichwa kwa kuridhika: ugonjwa umo ndani ya faili, hauletwi na mashine. Nusu ya mahangaiko yangu ya wiki nzima yalikuwa yamepata jibu kwa kufungua kitu kilekile mahali patatu.

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, inabidi kujua kwamba herufi ndani ya kompyuta ina vitu viwili, jina na sura. Jina ni namba: a ndogo ni 97, iwe imeandikwa kwa fonti ya kadi ya harusi au ya risiti ya dukani. Sura ni mchoro, nao unakaa ndani ya fonti. PDF, kinyume na tunavyodhani wengi, si picha ya ukurasa, wala si maandishi yaliyofuatana kama barua. Ni maagizo: nenda hapa, chora umbo namba fulani la fonti ile, sogea kiasi hiki, chora jingine. Majina yanakuja kando, kwenye jedwali linalosema umbo lile ndilo A, hili ndilo B. Jedwali hilo linaweza kuwa na makosa, linaweza kukosekana kabisa, na ukurasa ukaonekana hauna ila. Kwa hiyo faili laweza kuwa na sura nzuri na majina mabovu, au majina mazuri na sura zilizopotea, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Wanaokimbilia kuandika upya hawajajua wanaugua ugonjwa upi.

Mzee akafungua dirisha jeusi, akaandika neno moja, pdffonts, kiprogramu cha bure, akafuatisha jina la faili langu. Ikashuka orodha ya fonti tano. Anachokisoma yeye ni safu tatu zilizojaa yes na no. Safu ya emb inajibu kama fonti imepachikwa ndani ya faili. Ya sub inajibu kama imepachikwa yote au zile herufi zilizotumika tu. Ya uni inajibu kama jedwali la majina lipo. Kwangu zote zilikuwa yes.

"Basi fonti zimo," akasema, kwa sauti ya daktari anayekusomea kipimo cha malaria kisicho na vimelea. Hakusema sina ugonjwa. Alisema si huu.

Ugonjwa alioutarajia, na ambao ndio unamletea wateja wengi, una historia. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waasisi wa Adobe, aliandika waraka mfupi kuhusu mradi alioupa jina Camelot: hati iondoke kwenye mashine yoyote, ifike kwenye nyingine yoyote, ionekane na kuchapika vilevile. PDF ya kwanza ilitoka 1993. Lakini enzi zile diski zilikuwa ndogo na mtandao ulikuwa wa kutambaa, kwa hiyo faili halikulazimishwa kubeba fonti zake. Fonti 14 zilihesabiwa kuwa zipo kila mahali, yaani Times, Helvetica na Courier, kila moja kwa sura zake nne, pamoja na Symbol na Zapf Dingbats. Nyingine ikikosekana, programu inayofungua faili itafute ya kukaimu.

Kukaimu huko mzee anakuchukia. PDF hukumbuka upana wa kila herufi hata pale inapoiacha herufi yenyewe nyumbani, kwa hiyo fonti inayokaimu inakuta viti vimepimwa kwa makalio ya mtu mwingine. Herufi m inabanwa, i inapwaya, neno linakuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Acrobat ya Adobe ina fonti zake mbili za kukaimu, Adobe Sans MM na Adobe Serif MM, ambazo huvutwa na kubanwa zitoshe kwenye nafasi iliyopo. Yeye anazitambua akiwa amesimama mlangoni, kwa namna maandishi yanavyokaa kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Mwaka 2005 ilipotoka PDF/A, aina iliyokusudiwa kwa kumbukumbu za muda mrefu, ruhusa ya kuacha fonti nje ilifutwa, na kila mteja wake wa Word hufundishwa mahali pa kuweka tiki ya PDF/A kabla ya kusevu. Zipo pia fonti ambazo aliyezitengeneza ameweka ndani yake alama ya kukataza zisipachikwe. Hapo mzee hatafuti ujanja. Anamwambia mteja achague fonti nyingine.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akacheka. Alianza kazi kwa kupanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja, kutoka kwenye kesi ya mbao. Herufi zile zimegeuzwa kama kwenye kioo, na mpaka leo anaweza kusoma ukurasa kichwa chini au kinyume bila kupunguza mwendo. Nilimjaribu kwa gazeti. Lalamiko lake la wakati ule lilikuwa moja: seti zilizopimwa kwa Kiingereza zilikuja na e za kumwaga, a kidogo, nasi Kiswahili chetu kinakula a kama mchwa. Ukifika nusu ya ukurasa wa habari za bunge, a zimekwisha. Kuna siku alichomeka a ya seti nyingine, na msomaji mwenye macho makali akaiona.

Hadithi hiyo niliikumbuka siku ilipoletwa kadi ya harusi. Kijana kaja mbio, mashine inasubiri, jina la bibi harusi limekosewa. Kadi imeandikwa kwa fonti ya mapambo, mstari mmoja tu: Asha na Juma. Bibi harusi anaitwa Aisha. Faili la awali liko kwa mchoraji, mchoraji hapokei simu, kilichopo ni PDF. Si kuongeza i moja tu? Mzee akamwonyesha orodha. Mbele ya jina la fonti zilikuwapo herufi kubwa sita zisizo na maana na alama ya kujumlisha, dalili kwamba faili limebeba tu herufi zilizotumika. Na katika Asha na Juma hakuna i. Kesi imekwisha herufi. Ukilazimisha, programu itakupa i ya fonti nyingine, na Aisha atakaa kwenye kadi yake na mguu wa jirani. Kijana alitumwa kwa bodaboda mpaka nyumbani kwa mchoraji.

Siku nyingine alikuja dada mmoja na tasnifu. Kwa macho haikuwa na kosa hata moja, ila ukitafuta neno katika, kompyuta inasema halimo, ndani ya kurasa zaidi ya mia moja za Kiswahili! Mzee akanakili sentensi moja na kuibandika pembeni, ikatoka kaƟka wakaƟ huo. Calibri, iliyokuwa fonti ya kawaida ya Word kuanzia toleo la 2007 mpaka Aptos ilipoirithi, ina umbo moja linalounganisha t na i. Njia nyingine za kutoa PDF hulitumia umbo hilo halafu zikakosea kuliandikia jina, likapewa la herufi ya duara yenye mstari katikati, ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuihitaji. Herufi fi nazo husumbua hivyohivyo, basi unapoteza rafiki, safi na kufika kwa mpigo. Hapa sura ni nzima, majina ndiyo mabovu. Asiyeona, anayesomewa na kompyuta kwa sauti, ndiye wa kwanza kuumia, kwa sababu kompyuta husoma majina, haitazami sura. Mzee alirudi kwenye faili la Word, akazima kuunganisha herufi, akatoa PDF upya kwa njia nyingine, kisha akanakili sentensi ileile mara ya pili. Hakuitazama skrini ya PDF hata kidogo. Alitazama kilichobandikwa.

Kwa sababu hiyohiyo hapendi dawa inayopendwa na mtaa mzima, ya kugeuza herufi zote kuwa michoro. Wachoraji wanaipenda kwa kuwa haina kisirani: herufi inaacha kuwa herufi, inakuwa umbo kama nembo, haihitaji fonti tena. Kwa bango la barabarani, sawa. Kwa kitabu, anasema ni kumkata mtu ulimi kwa kuwa ana kigugumizi. Hutaweza kutafuta neno, hutaweza kurekebisha, na herufi ndogo mara nyingi hunenepa kidogo kwenye printa. Nami nadhani yuko sahihi, ingawa nimemwona akiifanya mara moja, saa mbili usiku, kwa kalenda, bila kusema neno.

Kazi iliyonifanya nirudi tena na tena ilikuwa ya ustadhi mmoja wa madrasa. Aliingia na kijitabu cha dua cha watoto, karatasi zimekunjika mkononi.

"Asalaam alaykum, mzee wangu."

"Waalaykum salaam, ustadhi. Wamekufanyia nini?"

"Wameniharibia. Mwanzo herufi zilitawanyika, sasa zimeungana, lakini dua inaanzia chini."

Aliyewahi kukaa chuoni anajua kwamba ain ni moja lakini sura zake ni nne: peke yake, mwanzoni, katikati na mwishoni. Anajua kwamba alif, dal, dhal, ra, zai na wau hazishikani mkono na inayofuata. Anajua lam ikikutana na alif wanakuwa kitu kimoja. Kompyuta huhifadhi majina tu, kwa mpangilio wa kusoma. Kuzichagulia sura na kuzipeleka kulia kwenda kushoto ni kazi ya programu, na programu isiyojua Kiarabu haifanyi. Neno salaam linatoka sin, lam, alif, mim, kutoka kushoto, kila moja imesimama peke yake kama abiria wasiojuana. Vijana waliokuwa na kazi ile wakaona hivyo, wakapata ujanja. Unicode, yaani orodha ya majina hayo ya namba, imehifadhi, kwa ajili ya mifumo ya zamani, sura zilizokwisha kuungwa tayari, kila moja na namba yake. Wakabadilisha kila herufi kwa sura yake, wakageuza mstari wote kinyume. Dua fupi za mstari mmoja zikapendeza. Dua ndefu ilipofika ukingoni na kushuka mstari wa pili, kwa kuwa imegeuzwa nyuma mbele, mwisho wake ukabaki juu na mwanzo wake ukashuka chini. Ustadhi aligundua kosa hilo kwenye ukurasa wa sita, akisoma kwa sauti.

Mzee alikataa kugusa faili lile. Aliomba faili aliloliandika ustadhi mwenyewe kabla ya mtu yeyote kulitia mkono, likapatikana kwenye flashi, herufi zikiwa na majina yake halisi. Akalimimina upya kwenye programu, akaweka mwelekeo wa aya na mpangilio unaojua Kiarabu, na herufi zikashikana zenyewe mbele ya macho yetu. Hilo lilichukua dakika ishirini. Irabu zilichukua saa mbili na ushei. Fonti ya kwanza iligonganisha fataha na nukta za herufi. Ya pili ilipendeza, lakini kila penye shadda na kasra iliipandisha kasra juu, chini ya shadda. Kijana mmoja akasema hilo ni kosa. Mzee akasema hapana, waandishi wengi huandika hivyo, tumuulize mwenye kazi. Ustadhi akataka kasra ibaki chini ya herufi, kama watoto walivyoizoea kwenye msahafu. Ikatafutwa fonti ya tatu. Muda wote ule mzee hakusogeza hata nukta moja kwa mkono. Aliyoyarekebisha ni mipangilio, maandishi hakuyagusa. Mwisho alichapa kurasa zote, wakakaa wawili, mmoja anasoma na mwingine anafuatisha kwa kidole, hadi jina la mchapaji kwenye jalada la nyuma.

Ana mstari wake wa majaribio kwa kila fonti mpya inayoingia dukani: jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Lina ũ, lina ĩ, na lina ng' karibu na mwisho. Fonti nyingi nzuri za kupakua bure zinaanguka kwenye jina hilo moja. Wakati mwingine kiwimbi cha juu kimeandikwa kama alama ya pekee baada ya u, na fonti isiyojua kukikalisha hukiacha kikielea juu ya herufi ya jirani.

Na mistari myembamba myeupe inayokatiza picha kwenye skrini, inayowatia watu homa usiku? Jibu lake ni fupi: kuza ukurasa. Mstari ukibaki mwembamba vilevile hata ukikuza mara nane, ni kivuli cha skrini tu, karatasi haitauona. Nenda kalale.

Turudi kwa babu. Fonti zimo, jedwali lipo, kisanduku bado kipo. Mzee akaachana na PDF, akachukua maandishi ya binamu yangu na kuyafungua kwenye kidirisha kinachoonyesha namba za herufi. Akatafuta ng'ombe kwa ritifaa ya kwenye kibodi, ile iliyonyooka. Programu yake haina msamaha, inatafuta ulichoandika tu: ikapata 23. Akatafuta kwa ritifaa iliyopinda, ambayo Word huipinda yenyewe unapoandika: 29. Akanitazama. Akabandika ya tatu, namba 02BC: 9, zote kwenye vichwa vya habari na maelezo ya picha.

"Sura moja, majina matatu," alisema. "Nani aliandika vichwa?"

Binamu. Na kwa elimu yake hakukosea, maana 02BC imewekwa na Unicode miongoni mwa herufi, si miongoni mwa alama za uakifishi, na ritifaa ya ng' kweli ni kipande cha herufi, haifungi nukuu yoyote. Kosa ni kwamba fonti ya mapambo iliyochaguliwa kwa vichwa haikuwa na sura ya jina hilo. Fonti isiyo na sura unayoitaka huchora umbo lake la kwanza kabisa, lililowekwa kwa ajili ya dharura, na kwa kawaida ndicho kile kisanduku. Word ya binamu iliazima kimyakimya kutoka fonti nyingine. Programu ya mchapaji haikuazima.

Nilidhani atabonyeza badilisha zote. Akaniuliza kwanza ninataka ipi kitabu kizima, nikasema iliyopinda. Kisha akabadilisha palipotanguliwa na ng tu, kwa herufi ndogo, halafu Ng, halafu NG kwa ajili ya jalada, kwa sababu mazungumzo ya babu na wanunuzi binamu aliyafunga kwa alama hizohizo za kunukuu, na ukipitisha fagio moja unafagia na maneno ya watu. Ng'ambo ikarudi, ng'ara, ng'oa. Penye aya moja babu anapomwambia mnunuzi "huyu ng'ombe si wa kung'ang'ania," alisimama, akahesabu ritifaa moja moja kwa ncha ya kalamu.

Akatoa PDF mpya, akaifungua kwenye ile laptopu maskini, akaandika ng'ombe kwenye sehemu ya kutafutia. Ikaja 61.

"Wote wameingia zizini," alisema, akaniuliza kama nina hela ndogo, maana siku ile alikuwa hana chenji.